Kisanduku cha Mtunzi

Nilikuwa uani naanua nepi, nikajisikia ninaimba ndani ya nyumba.

Mdomoni nilikuwa nimebana vibanio viwili vya nguo, kwa hiyo si mimi niliyekuwa naimba. Nikasimama pale na nepi begani. Sauti ilitoka chumbani kwa mjukuu wangu, ikapita dirishani taratibu, na ilikuwa inasema maneno ambayo kwa miaka arobaini na kitu sikuwa nimeyatamka mbele ya mtu ila mara moja tu.

*Lala usigeuke,*
*lala usiote,*
*nikikuita usiitike,*
*jua lishuke lenyewe.*

Nikaingia hata kandambili sikuvua. Kitukuu changu, ambaye tunamwita Mzee kwa ajili ya upara aliozaliwa nao, alikuwa amelala chali kitandani mwake, ngumi zimefunguka. Karibu na sikio lake alilazwa sungura wa kitambaa, macho yake yameshonwa yakiwa yamefumba. Sauti yangu ilikuwa inatoka tumboni mwa yule sungura.

"Umeona, Bibi?" Mjukuu wangu alikuwa nyuma yangu, mlangoni, kikombe cha chai mkononi. Yeye ndiye mama wa mtoto. Tangu ajue kusema hajanyamaza, ndiyo maana jina lake la nyumbani ni Chiriku. "Huyu sungura kaletwa asubuhi. Sampuli ya kwanza kabisa kutoka kiwandani. Umekuwa sungura!"

"Nani amemweka sungura kitandani?"

"Nani tena? Si ndiyo kazi yake? Dakika tatu, Bibi, tatu tu, jicho limefunga. Miezi mitano nimebembeleza huyu mzee mpaka mgongo umepinda, kumbe dawa ilikuwa kooni kwako."

Nikamgusa mtoto shavu. Hakutikisika. Nikamgusa tena, safari hii kwa nguvu kidogo.

"Bibi! Utamwamsha!"

"Ndiyo," nikasema. "Nataka aamke."

Aliamka. Akanitazama bila kulia, muda mrefu, kisha akafumba tena.

Ngoja nieleze ilikuwaje mpaka nikaingia tumboni mwa sungura.

Chiriku ana studio katika chumba kilichokuwa stoo yangu. Ukutani ametundika mablanketi na magodoro mabovu, darini kabandika trei za mayai, na mlango ameuvisha zulia ili kelele za nje zisiingie. Humo hurekodi vijana na wazee wasio na kampuni kubwa nyuma yao, na nyimbo huzitoa kwa jina la lebo yake. Lebo yenyewe ni yeye, kompyuta na muhuri. Huiita lebo huru. Mama yake, ambaye ndiye binti yangu, humwambia, "Huru kweli, huru kama kuku asiye na banda," naye hujibu kwamba kuku huyo angalau hataliwa na mwenye banda.

Aliwahi kunielewesha kazi yake tukichambua mchele.

"Bibi, wimbo ni nyumba. Mimi nyumba siuzi, napangisha. Mtu wa filamu atapanga sebule, mtu wa tangazo la sabuni atapanga kibaraza, kwa miezi kadhaa, katika nchi kadhaa, kisha anatoka. Karatasi ya kupangisha ndiyo leseni."

"Na mwenye nyumba ni wewe."

"Hapo ndipo penyewe. Kila wimbo una wenyewe wawili. Kuna mwenye tungo, yule aliyeutoa kichwani, maneno na mahadhi yake. Halafu kuna mwenye rekodi, aliyeunasa. Mpangaji lazima apate ruhusa kwa wote wawili. Mmoja akikataa, hakuna nyumba."

"Na kama aliyeutoa kichwani hajulikani?"

"Basi ni wa asili. Huo hauna mwenyewe. Yeyote anauimba, anaurekodi, anafanya apendavyo."

Nilielewa vizuri. Mtu asije akasema sikuelewa.

Siku aliponunua maiki mpya aliniita stoo. "Bibi, kaa hapo, sema chochote nipime." Wenzangu wakiambiwa hivyo husema moja, mbili, moja, mbili. Mimi kuzungumza na chuma sijazoea. Nilikuwa na rundo la nepi mapajani nazikunja, mikono ikawa inakwenda, na mdomo nao ukaenda wenyewe. Nilipoinua macho Chiriku alikuwa amenyamaza. Hilo pekee lilitosha kunitisha.

"Wimbo wa nani huo, Bibi?"

"Wa zamani."

"Wa nani, lakini?"

"Wa zamani tu. Nimeukuta."

Nilisema uongo. Wanawake wa rika langu tulikuwa hatusemi *nimetunga*. Ukisema umetunga, swali linalofuata ni umetunga juu ya nini.

Akautia gitaa kwa mbali, akaupandisha kwenye maktaba ya muziki, huko kwenye mtandao ambako makampuni huja kuchagua nyimbo kama watu wachaguavyo vitambaa vya mapazia. Haukupita mwezi akapigiwa simu na wakala wa leseni. Kampuni ya midoli ya watoto wachanga imeusikia, imeupenda, inautaka.

Fomu tuliijaza kwenye meza yangu ya kulia. Mimi husoma kwa kufuatisha kidole, kwa hiyo kidole changu kilipita kila kisanduku. Jina la wimbo. Mwimbaji. Mmiliki wa rekodi. Kilipofika kwenye kisanduku cha mtunzi, Chiriku alikuwa ameshaandika: *Asili. Hana.* Kidole kikasimama hapo.

"Sawa, Bibi?"

"Sawa."

Akanipa karatasi nyingine, ya mwimbaji, kwamba sauti yangu itumike popote, kwa njia yoyote iliyopo na itakayobuniwa. Nikatia saini. Sikuuliza ni mdoli wa namna gani. Nilidhani wimbo utachezwa katika tangazo, watu wausikie wakiwa wanakula, wausahau.

Sasa niseme nilitunga juu ya nini.

Nilikuwa na watoto watatu. Tuliishi chumba kimoja chenye paa la bati. Siku hiyo saa nane mchana wawili wakubwa walikuwa wamelala kwenye mkeka kwa joto, na mdogo, wa miezi tisa, alikuwa mapajani mwangu. Alikuwa na homa tangu juzi yake. Asubuhi homa ilishuka, nikafurahi, nikaoga. Saa nane nilimwita anyonye. Nikamwita tena.

Nilijua. Lakini niliona kwamba nikipiga kelele, wakubwa wataamka, majirani watajaa mlangoni, na jambo litakuwa limetokea. Nikamfunika vizuri, nikamweka kifuani, nikaanza kuimba kwa sauti ya chini ili wale wawili waendelee kulala. Sikuwa na wimbo. Maneno yalikuja yenyewe, nikayarudia mpaka jua likafika kizingitini na mume wangu akarudi kutoka kiwandani, saa kumi. Nikamwambia, "Mpokee, hali yake si nzuri." Akampokea. Mwili ulikuwa na joto bado, lakini lilikuwa joto langu mimi. Akamtikisa, akamwita, kisha akasema, "Amekata roho mikononi mwangu."

Nikamwachia aamini hivyo. Miaka ishirini, mpaka naye alipokufa, kila mgeni aliyekuja alisimuliwa: *Siku ile ningerudi nyumbani mbio badala ya kutembea, ningemwahi.* Nami nilikuwa nakaa pembeni namimina chai.

Kwa hiyo wimbo ule umeimbiwa mtoto mmoja tu, na alikuwa ameshakufa. Wajukuu zangu wote niliwalaza kwa nyimbo nyingine. Na sasa nilitaka jambo moja, si makubwa: usiimbiwe mtoto aliye hai. Si huyu wetu, si wa mtu mwingine yeyote.

Kwanza nilitoa betri. Chiriku akatia nyingine. Nikamficha sungura kabatini chini ya nguo zangu, Mzee akalia mpaka mishipa ya upara ikasimama, Chiriku akapekua nyumba nzima na kumkuta. "Bibi, una wivu na sauti yako mwenyewe?" Akacheka mpaka akakaa chini.

Na mtoto alikuwa analala. Mwanzoni saa moja. Wiki iliyofuata saa mbili. Halafu ikafika siku akapitiliza kunyonya, maziwa yakamlowesha mama yake blauzi, na yeye bado amelala. Akiamka halii. Anafungua macho na kututazama kama mtu aliyerudishwa kutoka mahali alipopapenda. Muuguzi wa kliniki alimpima uzito, urefu, joto, akasema mtoto ni mzima, tena mama yake ashukuru, wenzake hawajui usingizi ni nini. Basi ningemwambia nani?

Nilikuwa nakaa kwenye kiti kando ya kitanda, kiganja changu kifuani mwake, nasubiri kifua kipande. Kikipanda, nasubiri kishuke. Kikishuka, nasubiri tena.

Jumatano Chiriku aliingia jikoni anarukaruka. "Kundi la kwanza limepakiwa melini! Nchi kumi na mbili, Bibi! Watoto wa dunia utawalaza wewe!"

Nikazima jiko. "Chiriku. Ule wimbo una mtunzi."

"Nani?"

"Mimi."

Akacheka. Akaona sicheki.

"Bibi, usinitanie hivyo."

"Sikutanii."

"Ulikuwa umekaa pale." Alionyesha kiti. "Pale pale! Niliandika 'asili' unaniangalia. Nikakuuliza, sawa, Bibi? Ukasema sawa!"

"Nilisema."

"Unajua nimesaini nini? Nimethibitisha, kwa mkono wangu, kwamba tungo halina mwenyewe. Akitokea mwenyewe na kukataa, hasara yao yote ni yangu. Watachukua kompyuta, watachukua maiki, watachukua mpaka hayo magodoro mabovu!"

"Najua."

"Hujui!"

"Najua, mjukuu wangu. Ndiyo maana nimekaa kimya wiki tatu."

Akaketi. Akajifuta uso kwa kitambaa cha vyombo. "Basi si lazima ukatae. Twende kwa wakala, ujiandike mtunzi, utoe ruhusa, upate chako, mambo yaishe."

"Siwezi kutoa ruhusa. Ule wimbo si wa kulaza watoto."

"Ni wa nini, sasa?"

Nikamwambia, "Twende kwa wakala."

Mzee tukamwacha kwa mama wa nyumba ya pili, ambaye humshika tukiwa na safari.

Ofisi ya wakala iko ghorofa ya pili, juu ya duka la miwani. Zulia lake ni zito, ukitembea husikii miguu yako. Dirisha hakuna. Kuna baridi ya mashine, vipaza sauti viwili virefu kama watu wamesimama kona, na yeye mwenyewe, mtu wa makamo, mpole, kucha safi. Sisi nyumbani tulimwita Bwana Taratibu kwa sababu neno hilo halimkauki mdomoni. Hakushangaa hata kidogo nilipomweleza.

"Hutokea, bibi. Kwenye nyimbo za asili hutokea sana. Ndiyo maana karatasi yake ninayo tayari." Akafungua droo, akatoa karatasi, na kweli ilikuwa imeshachapwa kila kitu. Kisanduku cha mtunzi tu ndicho kilikuwa kitupu. "Andika jina lako, leseni inakamilika pande zote mbili, mgawo wako unaanza kuingia. Hakuna anayeumia."

"Nikitaka sauti yangu itoke humo?"

"Sauti ulishaitoa, bibi. Ile karatasi ya mwimbaji." Alisema kwa huruma, kama daktari. "Kilichobaki ni tungo. Na tungo, hivi tunavyozungumza, halina mwenyewe. Kwa hiyo kampuni haikuona vibaya kuendelea. Sikilizeni."

Akabonyeza kitu. Vile vipaza sauti vikaanza kuimba. Haikuwa sauti yangu, ilikuwa sauti ya mtoto, msichana wa miaka sita au saba, safi, haina mkwaruzo. *Nikikuita usiitike.* Chini yake kengele ndogo ndogo.

"Toleo la pili," akasema. "La mdoli wa kike. Kwa kuwa wimbo ni wa asili, halihitaji leseni ya mjukuu wako. Linaingia kiwandani Ijumaa. Wateja wa majaribio wamelipenda mno, hasa huo mstari wa kutoitika. Wanasema una kitu."

Chiriku alinishika mkono. Hakuwa amejua habari za toleo la pili.

"Zima," nikasema.

"Taratibu, bibi, linaisha sasa hivi."

Hakuzima. Tuliusikiliza mpaka mwisho, tumekaa.

"Nikisema mimi ndiye mtunzi, na sitoi ruhusa," nikauliza, "yote yanasimama?"

"Yote. Lako na la huyu msichana. Lakini taratibu: kwanza uthibitishe. Lini ulitunga, wapi, nani aliusikia kabla haujarekodiwa. Wamekwisha niandikia watu watatu kwamba wimbo huu ni wa bibi zao. Wote wanaujua neno kwa neno. Bila shaka. Wameusikia mtandaoni."

"Hakuna aliyeusikia."

"Hata mtu mmoja?"

"Niliuimba siku moja tu."

Akaweka kalamu chini, akaisawazisha na ukingo wa meza. "Basi sioni njia. Dai lisilo na shahidi naweza kulipokea, lakini Ijumaa haitalisubiri."

"Mama," Chiriku akasema ghafla.

"Mama yako hajui kitu."

"Nilipomtumia ule wimbo, alinijibu nizime, kichwa kinamuuma. Nikamtumia tena, akanikatia simu. Sungura hajataka hata kumgusa. Mama, ambaye anasikiliza mpaka matangazo ya vifo!" Alikuwa ameshatoa simu. "Mama? Niko kwa wakala, na Bibi. Bibi anasema ule wimbo kautunga yeye. Wewe uliwahi kuusikia?"

Hatukusikia jibu. Chiriku alikaa na simu sikioni, kisha akaishusha.

"Anakuja."

Alifika baada ya kama nusu saa. Binti yangu ni fundi cherehani, hushona sare za shule, na alitoka dukani kama alivyo, futi ya kupimia shingoni na pini kwenye ukosi. Wakala akamwonyesha kiti. Hakukaa. Mimi hakunitazama.

"Unataka ushahidi gani?" akamuuliza wakala.

"Chochote, mama, ambacho mtu aliyeusikia mtandaoni hawezi kukijua."

"Kuna ubeti ambao haumo kwenye rekodi."

"Hakuna," nikasema. Nilisema kweli kama nilivyoijua.

Akausema. Hakuimba, aliusema tu, huku akiangalia ukuta.

*Baba akija mlangoni*
*tutamwambia ndiyo kwanza umelala.*
*Nami nitafunga mdomo*
*kama ulivyofunga wewe.*

Ule ubeti mimi nilidhani niliusema moyoni.

"Wewe ulikuwa umelala," nikamwambia. "Mlikuwa mmelala wote wawili."

"Nilikuwa na miaka sita. Nilifumba macho. Nilikuwa nasubiri uniambie niamke."

Wakala alikuwa anaandika. "Samahani, mama. Na huyu mtoto anayeimbiwa ni nani?"

"Mdogo wangu."

"Naye anaweza kuitwa?"

"Alikuwa amekufa," binti yangu akasema. "Alikufa saa nane. Wimbo uliimbwa kuanzia saa nane mpaka saa kumi, juu ya maiti."

Chiriku aliziba mdomo kwa mikono miwili. Kalamu ya wakala ilisimama, kwa kitambo kifupi kiasi kwamba ningepepesa jicho nisingeona, kisha ikaendelea.

"Saa nane mpaka saa kumi," akasema, "kwa kukadiria?"

"Si kwa kukadiria. Nilikuwa naliangalia jua likitambaa sakafuni."

Alimaliza kuandika, akamsomea, binti yangu akatia saini. Kisha karatasi ikaletwa kwangu. Kisanduku cha mtunzi sasa kilikuwa na jina langu. Chini yake kulikuwa na visanduku viwili vidogo: *Natoa ruhusa. Sitoi ruhusa.*

Nikamtazama Chiriku. Nilimwona akiwa na umri wa miaka kumi, anagonga makopo uani na kuniambia sikiliza, Bibi, hiki ni kinanda. Chumba kile cha stoo kilikuwa kila alicho nacho.

"Chiriku, ukiniambia nisi—"

Alichukua kalamu mezani, akanitia mkononi, akavikunja vidole vyangu juu yake kimoja kimoja. "Weka alama, Bibi. Haraka, kabla sijafikiria."

Nikaweka alama. *Sitoi.*

Wakala akapiga muhuri, akapuliza wino ukauke. "Toleo la pili nalisimamisha leo hii. Kundi jingine la sungura halitatengenezwa. Wewe, dada," akamgeukia Chiriku, "utapata barua kuhusu fidia, soma taratibu, usiisaini bila mtu wa sheria. Na kuna kipengele cha kumi na nne." Akapindua mkataba, akatusomea kwa sauti ileile ya upole. "*Bidhaa zilizokwisha kutengenezwa kabla ya tarehe ya pingamizi zitaendelea kuuzwa mpaka ziishe.*"

"Ni zipi hizo?" nikauliza.

"Zilizo melini. Elfu arobaini na zaidi kidogo."

"Na zikiisha?"

"Zikiisha dukani, bibi, zitakuwa majumbani. Huko mkataba haufiki."

Mashine ya baridi ilikuwa inanguruma. Ndipo Chiriku akasimama hata kiti chake kikaanguka, na juu ya lile zulia hakikutoa kishindo.

"Sungura yuko wapi?" akasema. "Bibi, sungura tulimwacha wapi?"

"Nyumbani. Kitandani."

"Mimi nilimtia kwenye mfuko wa nepi. Nimempa mama wa nyumba ya pili pamoja na mfuko. Nilimwambia akisumbua amlaze naye." Alikuwa ameshatoka, anapiga simu anatembea. Tukamfuata mpaka kwenye korido, mimi nimeshika ukuta.

Simu ilipokelewa. Akaiweka kwenye spika tusikie sote.

"Amelala, mama yangu," jirani akasema kwa kunong'ona. "Tangu mlipoondoka. Malaika kabisa." Na nyuma yake, mbali, nikajisikia naimba.

"Mwamshe!"

"Jamani, mtoto amelala vizuri hivi—"

"Mwamshe, dada, nakuomba! Mtoe kitandani!"

Tukasikia kandambili za jirani zikiburuta. Tukasikia akimwita, "Mzee. Wee Mzee." Kimya. "Mzee, amka, mama yako anakutaka." Kimya tena. Wimbo ulikuwa umefika kwenye mstari wa jua. Binti yangu alikuwa amezungusha futi ya kupimia kwenye kiganja, anaikaza, vidole vimebadilika rangi. Jirani akaita mara ya tatu, na sasa hakuwa ananong'ona, alikuwa anapaza sauti, na ndani ya sauti yake kulikuwa na kitu nilichokifahamu.

Kisha Mzee akalia. Alilia kwa hasira, kilio kikubwa kinachopasua simu, kilio ambacho kwa wiki tatu hatukukisikia akiamka.

Chiriku akateleza ukutani mpaka akakaa sakafuni.

Mlango wa ofisi ulifunguka kidogo. "Taratibu, jamani," wakala akasema, "ghorofa hii kuna watu wanafanya kazi," akaufunga.

Binti yangu alikuwa ananitazama, kwa mara ya kwanza tangu aingie. "Baba ulimwambia lini?"

"Sikumwambia."

"Kamwe?"

"Kamwe."

Aliifungua ile futi kiganjani, ikawa imeacha alama nyekundu. Akaitundika shingoni. "Ijumaa sifungui duka," akasema. "Utakuja kwangu, peke yako. Utaanza na asubuhi ya siku ile, uliposema homa imeshuka. Usiruke kitu."

Akashuka ngazi. Nikataka kumwambia nitakuja, lakini alikuwa keshafika chini, na mlango wa barabarani ukajifunga nyuma yake.

Kule kwenye simu jirani alikuwa anajaribu kubembeleza, anasema shii, shii, nyamaza baba, na Chiriku, pale sakafuni, anamkataza.

"Usimnyamazishe," anamwambia. "Mwache alie, dada. Mwache alie tu, mpaka tufike."